Nilivyozitoa Springi za Mbele

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Kikao cha familia leo. Mama mkwe, Bi. Amira, anaruhusiwa kutoka hospitali ya Kolandoto Alhamisi. Nyonga imeungwa vizuri, alhamdulillahi. Daktari kasema gari litakalomrudisha Ibadakuli lisimrusherushe. Watu wote wakamgeukia Bashiri. Bashiri ni mwanyumba wangu, kamwoa dada wa mke wangu, na ana gari jeupe lenye kiyoyozi na harufu ya limau. Akaanza kujikohoza kama mgombea. Nikamuwahi. Nikasema Mama nitamleta mimi, kwa pikapu.

Kisha shemeji mmoja akacheka mpaka akamwaga chai.

Nakiri, pikapu imeinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Niliinunua Geita kwa mtu aliyekuwa anabebea viroba vya mawe ya dhahabu, na springi za mbele zimelala kabisa. Ukipita kwenye tuta meno yanagongana. Lakini springi si zinabadilishwa! Na Bi. Amira ndiye mtu pekee aliyesema "mpeni huyu" nilipokuja kuposa, wakati ndugu zake wote wanatazama viatu vyangu. Siwezi kumwacha arudi nyumbani akinusa limau la Bashiri.

Jumapili, 17 Agosti

Springi mbili zimefika kwa basi kutoka Ushirombo. Zimetumika, lakini zimesimama wima. Nimezipeleka gerejini kwa Bernadina, fundi wa mtaa wetu. Anaziweza, ila nafasi anayo Jumatano tu, kuna lori la pamba mbele yangu. Nikamwambia asijali, nitazitoa mwenyewe.

Akaacha kufuta mikono. Akasema springi iliyo ndani ya gari imekandamizwa, ukiiachia ghafla inatoka kama risasi. Akanilazimisha niandike. Nimeandika: magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi. Gari likalie stendi za chuma, si jeki. Springi ibanwe kwa kibanio chake na ifungwe mnyororo kwenye fremu. Jeki nyingine ikae chini ya mkono wa chini, ule unaoibeba springi. Nati ya boljointi, kile kiungo kinachoushikiza mkono huo kwenye gurudumu, ilegezwe tu, isitolewe, mpaka jointi iachie. Halafu jeki ishushwe polepole mpaka springi ilegee yenyewe. Na kichwa kisikae mbele ya springi hata mara moja.

Mengi! Mafundi huongeza hatua ili waonekane wasomi. Nimezipunguza. Zimebaki tatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Maandalizi. Stendi sina, nimepanga tofali za kuchoma. Kibanio sina, nina mabega. Mnyororo sina, nimeazima kamba ya ng'ombe kwa jirani, Mzee Mayala. Mzee huyu ana tangi la maji la lita elfu mbili, tegemeo la mtaa mzima kiangazi hiki. Akauliza kamba ni ya kumfunga ng'ombe gani, mimi sina hata mbuzi. Nikasema ni ya kitu kisicho na miguu. Akanipa, akaniombea dua kwa Kisukuma. Sikuielewa, lakini ilikuwa ndefu.

Bashiri kapiga simu kuuliza kama pikapu ina mikanda. Nimekata.

Mke wangu Mwaisha kauliza kama Bernadina ana habari. Nikamjibu kwamba Bernadina ndiye aliyenifundisha. Si uongo.

Jumanne, 19 Agosti

Nilianza saa tatu asubuhi, upande wa kushoto. Gurudumu likatoka. Shokapu ikatoka. Nikajisifu kwa sauti. Nikafunga kamba, fundo la kwangu mwenyewe. Jeki nikaiweka chini ya mkono, juu ya tofali. Nati ya boljointi nikaitoa yote, maana mambo ya kulegeza nusunusu ni ya waoga. Jointi haikuachia. Nikaipiga nyundo. Haikuachia! Nikalala chali, uso karibu kabisa na springi, nione inakataa nini.

Simu ikaita. Bashiri. Nikatambaa kutoka chini ya gari, kwa sababu Bashiri hajibiwi mtu akiwa amelala. Alitaka kujua Mama anapenda redio gani njiani. Nikavuta pumzi nimpe jibu lake.

PAA!

Tofali lilipasuka, jeki ikaanguka, jointi ikaachia, kamba ikakatika kama uzi. Springi sikuiona ikitoka. Niliiona tayari iko hewani. Ikagonga ukuta wa jiko, ikaruka ua wa michongoma, ikang'oa bomba la tangi la Mzee Mayala. Lita elfu mbili! Wanawake wa mtaa walifika kabla vumbi halijatulia. Mimi ni muuza vyombo vya plastiki, na ndoo zangu zote za dukani ziliondoka kwa dharura. Moja imerudi. Ina ufa.

Nikaenda kumwomba radhi Mzee Mayala. Kabla sijamaliza akasema "yaya" mara tatu, na hapana ya Kisukuma haina rufaa. Nimempa bomba jipya. Kamba sijaitaja.

Mwaisha alitoka ndani. Akaiokota simu yangu kwenye matope. Bashiri bado alikuwa anaongea, anauliza mlio huo ni wa nini.

Nilimwambia Mwaisha springi imetoka. Si ndiyo ilikuwa kazi yenyewe?

Jumatano, 20 Agosti

Bernadina kaja na stendi, mnyororo na kibanio chake, chuma kirefu chenye skrubu na kucha. Kabla ya kugusa gari akaenda kutazama ukuta wa jiko. Kuna shimo. Akaingiza ngumi, ikaenea.

Akaniuliza kichwa changu kilikuwa wapi kabla ya simu. Nikamwonyesha kwa kidole. Akachukua ufito mrefu, ncha moja akaiweka ilipokuwa springi, ya pili akaielekeza kwenye shimo. Ufito ukapita palepale nilipoonyesha.

Mwaisha alikuwa mlangoni, ameona. Akaingia ndani, na nikamsikia analia, kile kilio cha kuziba mdomo kwa khanga. Nikaokota spana, ikaniponyoka mara mbili. Nikaitia mfukoni. Nikasema ni malaria.

Bernadina hakucheka. Aliniambia tu, "Baba Samia, kaa kwenye kiti. Usishike kitu."

Nikakaa. Samia wangu akaniletea maji bila kuombwa. Bernadina akaanza upande wa kulia. Akabana springi, akaifunga mnyororo, akalegeza nati bila kuitoa, akagonga, jointi ikaachia na nati ikaidaka. Ndipo akashusha jeki. Polepole. Springi ikatoka kama mtoto aliyelala, akaipokea kwa mikono miwili na kuilaza chini. Hakuna mlio. Hakuna aliyepiga makofi. Kazi kavu kabisa, haina hata cha kusimulia.

Mchana springi za Ushirombo zote mbili zilikuwa ndani. Pikapu imeinua uso! Nimeizunguka mara tano. Shimo la ukutani nimelifunika kwa kalenda.

Alhamisi, 21 Agosti

Kolandoto. Mwaisha kaamua Bernadina ndiye atakayeendesha. Sawa. Watu wazito wana madereva.

Bashiri naye kaja, gari limeoshwa hadi chini. Bi. Amira akatoka kwa magongo, kakonda, macho ni yaleyale. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza kwa nini nimenyauka. Bashiri akafungua mlango wa limau. Wakajaribu kumkalisha. Kiti kiko chini mno! Mama akaguna kwa maumivu, na muuguzi akapaza sauti kwamba nyonga ile haitakiwi kukunjwa hivyo, atafutiwe gari lenye kiti cha juu.

Nilimtazama Bashiri. Nilisogea pembeni tu, ili pikapu ionekane.

Kiti kilimfika Mama sawasawa. Akakalia, akageuzwa taratibu, akaegemea wima. Mwaisha katikati, Bernadina kwenye usukani. Mimi nilikaa nyuma kwenye bodi, juu ya kiti cha plastiki cha dukani, na Bashiri akitufuata anakula vumbi letu. Niliwapungia watu mkono.

Tulipofika nyumbani Mama akasema hakusikia hata tuta moja. Akauliza nani kazishughulikia springi. Mwaisha akafungua mdomo, Bernadina akamuwahi.

"Ya kushoto aliitoa mkweo. Ilitoka haraka sana."

"Nilijua," akasema Bi. Amira, akanishika mkono. Aliushika muda mrefu. Nikajifanya natafuta gongo lake.

Jumapili, 24 Agosti

Nimetafakari kwa siku tatu. Tatizo lilikuwa tofali. Tofali za siku hizi hazichomwi vizuri. Ufundi wenyewe haukuwa na kasoro, na ushahidi ni kwamba springi ilitoka.

Bashiri kaja leo, mnyenyekevu kabisa. Kwenye dashibodi yake imewaka taa ya ule mfuko wa usukanini, unaofumuka gari likigonga. Bernadina kamwambia asiuguse, umeme ukiufikia unaweza kumlipukia usoni. Kwanza betri ichomolewe na Bashiri asubiri, yeye Bernadina ataufungua kesho kwa utaratibu.

Nimemcheka. Asubiri nini? Nimemwambia aende akalilete gari sasa hivi, na betri aiache ilivyo ili tuione taa ikizimika. Bisibisi nimeshaishika. Ule ni mfuko wa kitambaa, ndani yake hewa. Hewa itamfanya mtu nini?