Kidole na Ndege wa Kichwa Cheupe

Inatangazwa kwa walio karibu na walio mbali, wenye masikio na wenye kuazima: kwamba katika ua wa nyuma wa duka la mikate, juu ya waya wa kuanikia mataulo, ameonekana ndege mdogo wa kichwa cheupe, ambaye hajapata kuonekana tangu Chama cha Watazama Ndege kilipoasisiwa; na kwamba aliyemwona ni Mwenyekiti. Tulieni basi, enyi wenye shughuli na msio nazo, mkasikie jinsi tangazo hilo lilivyokutana na msichana wa darasa la sita.

Msichana huyo aliitwa Kidole, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Siku ya kwanza aliyotoka na Chama alimwona korongo amesimama mtoni, akamnyooshea kidole kwa mkono mzima mpaka bega; naye korongo, pamoja na ndege wote waliokuwa na mpango wa kuonekana asubuhi ile, akaondoka. Katika Chama kile mtu haonyeshi kwa kidole. Huonyesha kwa kidevu, polepole, mikono ikiwa nyuma.

Kidole alitaka kitu kimoja duniani: darubini. Chama kilikuwa nayo moja tu, nayo ilining'inia shingoni mwa Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, simba wa vikao, ambaye hakuivua hata alipokunywa chai. Kanuni ilisema mwanachama mchanga atakayemtambua ndege mwenyewe, mbele ya kamati, bila kunong'onezwa, ataishika darubini hiyo msimu mzima.

Basi shujaa akapiga kambi uani, juu ya kreti la soda, kwa ruhusa ya shangazi yake mwokaji. Alikwisha kufundishwa kwamba anayeanza hudanganywa na rangi. Akaiacha rangi, akauvamia mdomo wa yule ndege. Ulikuwa mfupi na mnene, silaha ya kuvunjia mbegu. Akashuka miguuni: ndege hakutembea, aliruka kwa miguu yote miwili pamoja, kama mtu aliyefungwa ndani ya gunia. Akatega sikio: sauti ilikuwa ileile inayomwamsha kila asubuhi darini kwao. Hatimaye akamwona jemadari huyo wa mbawa akipenya dirisha la stoo, akizamisha kichwa katika gunia la unga lililoachwa wazi, akiibuka mgeni wa kichwa cheupe.

Moyo ukamshuka. Kumtambua ndege huyo kulikuwa ni kumnyang'anya ugunduzi mtu yuleyule mwenye darubini.

"Sema ni mgeni, upewe, yaishe," shangazi alimshauri, akikung'uta aproni.

"Lakini ni shomoro, shangazi."

"Shomoro, mgeni, mimi namfukuza kwa ufagio, simwulizi jina. Nakuuliza wewe: unataka darubini au unataka shomoro?"

Kidole alitaka vyote viwili, tamaa ambayo imeangusha watu wakubwa kuliko yeye.

Kamati ikawasili kwa fahari yake yote: Mwenyekiti, kisha kinyozi aliyekuwa Katibu, kisha shangazi mwenyewe, Mhazini, mikono ikinuka hamira. Ndege akashuka kutoka kwenye waya mpaka ukingoni mwa beseni lililo chini ya bomba linalovuja. Kidole cha Kidole kikawaka moto. Akakikamata kwa mkono wa pili mgongoni kama anayemzuia mwizi, akainua kidevu.

"Mwenyekiti, huyo ni shomoro. Kichwani ni unga."

Ndege akaingia majini, akapiga mbawa, akajikung'uta, vitonge vya unga vikatawanyika kama jeshi lililoshindwa, akatoka wa kahawia mwanzo mpaka mwisho. Kinyozi, mjuzi wa vichwa, akatazama viatu vyake.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Wajumbe, tusiyumbishwe na maji. Wa kichwa cheupe ameingia mbele ya macho yetu. Aliyetoka ni shomoro. Yaliyotokea katikati hakuna aliyeyaona."

Kidole alisema, kwa adabu, kwamba ni yuleyule.

"Mwanangu, huyo umemtambua barabara," akajibu Mwenyekiti. "Mimi simzungumzii huyo."

Kamati ikaketi juu ya magunia, na baada ya mabishano marefu ikaazimia kwa kauli moja: kwamba ndege yule ni shomoro akiwa amelowa, na ni ugunduzi wa Mwenyekiti akiwa mkavu, kwamba Kidole, mshindi wa vita vya beseni, ametunukiwa darubini kuanzia leo, na vizazi vijavyo vijulishwe, na kwamba, kwa usalama wa chombo, darubini hiyo itaendelea kukaa shingoni mwa Mwenyekiti.