Bunduki ya Kwanza ya Mwenye Mbao

Kanali hakuwahi kuwa kanali. Hakuwa hata kuruta. Cheo cha juu alichowahi kushika ni ulinzi wa geti la ghala la magunia, akiwa na rungu na filimbi, na huko alifukuzwa kwa kuiuza filimbi. Lakini mtu akitembea kifua mbele na buti zilizopigwa rangi, mji utampa cheo wenyewe.

Siku hiyo alikuwa kwa kinyozi, povu hadi masikioni, aliposikia kiti cha pili kikinung'unika. Aliyekikalia ni Mwenye Mbao, yule wa yadi ya mbao, shingo nene, sauti ya kuamrisha wapagazi. Alikuwa anaeleza kwamba jirani yake muuza simenti amenunua shotigani, ile bunduki ya kumwaga marisau, na tangu hapo salamu anaitikia puani. Mwenye Mbao naye alitaka ya kwake. Hakujua inafunguliwa wapi wala inawekwa bega lipi, ila aliitaka, tena wiki hii hii.

Kanali alifumba macho kwa raha. Uvunguni kwake alikuwa na shotigani ya mitutu miwili, aliyoichukua hoteli moja ilipofungwa na kuuza mapambo yake. Kuitazama ilipendeza. Kasoro yake moja tu: mitutu yote miwili ilizibwa kwa kuchomelewa chuma, mgeni mlevi asije akamuua mhudumu. Ilikuwa hatari sawa na mwiko, na mwiko angalau unakoroga.

"Kosa la wengi," alisema Kanali ndani ya povu, "ni kununua bunduki kabla ya kujifunza."

Basi akawa mwalimu, na ile ya uvunguni ikawa ya kufundishia. Darasa lilikuwa stoo ya nyuma ya yadi, kati ya mirundo ya mbao na harufu ya maranda. Masomo aliyatoa kwenye kijitabu alichookota hotelini humo humo, na kwa haki ya Mungu kijitabu hicho ndicho kitu pekee cha kweli katika biashara nzima. Somo la kwanza: kila bunduki ina risasi mpaka uifungue uone mwenyewe, usipokee bunduki ambayo hujaonyeshwa ndani ya mitutu. Somo la pili: miguu iachane kwa upana wa mabega, uzito uegemee mguu wa mbele. Somo la tatu: shavu lilale kwenye kitako, macho yote mawili wazi.

Mwenye Mbao alijifunza kama ng'ombe anavyojifunza kupanda ngazi. Alisimama kama anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti, akakodoa macho, akatamka "paa" kwa mdomo, kwa kuwa mwalimu alisema risasi ni za wahitimu. Na kila ilipofika saa ya somo la kwanza, Kanali alimgeuzia mgongo, akaifungua bunduki mwenyewe, akachungulia kile chuma kilichoziba, akaitikia kwa kichwa, ameridhika kama aliyeona mwanga, akaifunga.

"Mbona unafungua wewe tu?" aliuliza Mwenye Mbao siku ya tatu.

"Daktari mwanafunzi haanzi kwa kupasua, mzee."

Mwenye Mbao akasema sawa, akapotea kwa wiki nzima. Kanali alishaanza kumhesabu kama samaki aliyeondoka na ndoana, ndipo akaitwa. Stooni, juu ya meza ya kurandia, palikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye blanketi.

"Ya marehemu baba mkwe," alisema Mwenye Mbao. "Mama mkwe kaitoa kwenye sanduku. Nionee kama inanifaa kuanzia."

Kanali akafunua. Kitako cha mti mwekundu unaong'aa kama dhahabu, mitutu mirefu myeusi, ubavuni ndege wawili wamechorwa kwa mkono. Mtu wa miaka hamsini na mbili, aliyehama vyumba kumi na vinne vya kupanga, kumi na kimoja kati yake kupitia dirishani, alijiona ameketi barazani mwa nyumba yake. Mali kama hii ingemtoa mjini na ujanja wake wote.

Akajikaza, akaguna kwa huzuni. Akaeleza kwamba bunduki hii ni ya bingwa: kitako kirefu, inarusha bega nyuma, itamvunja mtu mfupa siku ya kwanza. Anayeanza huanza na nyepesi iliyomkaa vizuri. Kama hii yake ya kufundishia.

"Tubadilishane basi," alisema Mwenye Mbao. "Ila ya kwangu ina thamani zaidi. Niongezee na ile pikipiki yako uliyoegesha nje."

Hapo pakauma. Pikipiki ile ndiyo mali pekee ya Kanali iliyonunuliwa kwa njia ya halali, na aliipenda kama watu wanavyopenda watoto. Akawatazama tena wale ndege. Akatoa ufunguo.

"Haya, somo la kwanza," alisema Mwenye Mbao, akinyoosha mkono kwenye ile ya hotelini. "Tufunguliane."

Kanali akaiwahi kwa mkono wake. "Hilo ni la wanafunzi," alisema upesi. "Waungwana wakibadilishana bunduki hawafunguliani. Ni sawa na kumhesabu mtu meno."

Mwenye Mbao akarudisha mkono taratibu. "Basi na mimi sikuvunjii heshima. Wala wewe usiifungue ya marehemu mpaka ufike."

Kanali aliibeba ndani ya blanketi kwa miguu, jua la saa nane likimchoma utosi, moja kwa moja hadi kwa fundi bunduki nyuma ya soko. Fundi aliipokea, akatafuta kitasa cha kuifungulia, akakikosa. Akaigonga kwa kucha. Akainusa.

"Mti mzuri," alisema. "Mitutu ni bomba la maji. Huyu ndege wa kushoto kachongwa kwa msumari."

Fundi akaendelea, bila hata kumtazama, kwamba wiki iliyopita alikuja muuza mbao mmoja na shemeji yake seremala, kuuliza mtu anayeanza afanye nini. Akawaambia asinunue bunduki kwa mtu asiyetaka kuifungua mbele yake. Wakashukuru sana. Seremala akaomba kupima kitako cha bunduki iliyokuwa mezani.

Njiani kurudi, Kanali alisikia muungurumo anaoujua kuliko sauti ya mama yake. Pikipiki ikapunguza mwendo pembeni yake. Yule shemeji seremala ndiye aliyeendesha. Nyuma yake, amejaa kiti chote, alikaa Mwenye Mbao, bunduki ya hotelini mgongoni, akienda kuitundika sebuleni mahali ambapo muuza simenti ataiona vizuri.

"Mwalimu," aliita, "uzito mguu wa mbele."