Simba Wawili wa Getini Mshangano

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Kasulu. Nilimuaga mama kwa miezi mitatu.

Niko Songea, Mshangano, saidia fundi kwenye nyumba ya Bwana Makarius, afisa aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Lipu imekwisha. Zimebaki nguzo za geti, halafu fundi Remmy anarudi kwao Mbinga, na mimi sina tena sababu ya kubaki. Mama anapiga kila siku. Mchumba ameshapatikana, anaitwa Zena, mavuno yako ndani, kilichopungua ni bwana harusi.

Basi nikaenda zahanati kutafuta karatasi ya mapumziko, kazi irefuke. Nikasingizia mgongo. Nesi Recho akaubonyeza, hakuona kitu. Akauliza nalala vipi. Akauliza lini mara ya mwisho nimemwambia mtu kinachonisumbua. Nilitaka kucheka, yakatoka machozi. Mbele ya foleni nzima! Akasema wanaume wote wa saiti wanamletea mgongo, na mwaka huu hajaona mgongo mbovu hata mmoja. Karatasi hakunipa. Alinipa daftari hili. Kama kusema kunanishinda niandike, na kama mikono yangu ina kazi inayoipenda, niiache ifanye.

Haya, naandika. Remmy akicheka, mimi hukosea vipimo vya saruji. Nampenda. Ndiyo hiyo. Hapa mtu akilisema hilo kwa sauti anatolewa chumbani asubuhi na kukamatwa jioni. Daftari litalala chini ya godoro.

Jumatano, 4 Juni

Bahati! Bwana Makarius anataka simba wawili wa saruji juu ya nguzo. Madume, wenye manyoya na meno, mpita njia ajue humu anaishi mwanaume. Mkewe, Mama Oliva, akauliza kwani mpita njia ana mashaka. Mumewe akaanza kupima nguzo.

Remmy akasema yeye ni mtu wa mistari iliyonyooka, simba hamuwezi. Nikadandia. Nikasema kwetu Kigoma nimefinyanga simba hata hesabu sina. Ukweli: darasa la tano nilifinyanga ng'ombe mmoja, mwalimu akauliza kiatu hiki cha nani.

Nimeomba wiki sita. Nimepewa mbili.

Jumamosi, 7 Juni

Baridi. Saruji inauma vidole. Nimesuka nondo na waya, nimejaza kiwiliwili. Kinafanana na gunia la mahindi. Marcelino, anayetuchotea maji, akauliza simba atakuja lini. Nikamwambia aangalie ndoo zake.

Jambo la ajabu. Nikiwa na saruji mkononi kifua hakibani. Jana nililala mpaka jogoo. Nesi asijue, atajisifu.

Jumanne, 10 Juni

Balaa! Kichwa cha simba wa kwanza kimekwisha, na ni Remmy. Sikupanga. Nilikuwa naifuata mikono. Pengo la Remmy, kovu la nyusi, yale macho kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Marcelino alimtazama simba, akamtazama Remmy, akatua ndoo. Akasema fundi, shikamoo, nimekukuta juu. Saiti nzima ikacheka. Remmy hakucheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa woga.

Mpango: simba wa pili awe mkali mpaka watu wamsahau wa kwanza.

Alhamisi, 12 Juni

Wa pili hakuwa mkali. Ana uso wa mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kila mtu anasema ni mimi. Tena nilikosea kupinda nondo ya shingo. Badala ya kutazama barabara, anamtazama mwenzake.

Bwana Makarius akafoka. Nani analinda barabara? Nikamwambia ndio mtindo wa kisasa, mwizi hajui simba wanaongea nini. Akaamuru niongeze meno. Nikaongeza. Sasa wanatabasamu. Mama Oliva akauliza wote ni madume? Nikasema wote, mama. Akasema waachwe hivyo, tangu ahamie Songea hajaona madume yaliyotulia namna hii. Mumewe akaingia ndani.

Ijumaa, 13 Juni

Tulikuwa tunaosha vifaa kwenye pipa, wenzetu wameshaondoka. Remmy akaelekeza mwiko getini.

"Yule ni mimi?"

Nikasema ni mjomba wangu wa Kibondo.

"Mjomba wako ana pengo langu na kovu langu?"

Nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia yote: Zena simtaki, mwanamke mwingine simtaki, usiku nahesabu mabati, na kila hila ya mwaka huu nimeifanya ili nibebe zege karibu yake. Nilisema mbio, kama namwaga zege kabla halijaganda. Nikangoja anipige.

Akaosha mwiko uliokwisha kuwa safi.

"Maja, mimi nina miaka thelathini na minane. Umewahi kuniuliza kwa nini sijaoa?"

Sikuwahi. Mwaka mzima nampangia hila, sijamuuliza kitu.

Akasema Mbinga hana haraka nako. Alitaja kuondoka kwa sababu mimi kila siku naimba Kasulu. Atabaki, lakini kwa sharti moja: uongo uishe. Nipige nyumbani, nimfungue Zena, binti wa watu asikalishwe akingoja mtu asiyekuja. Nikaapa. Niliapa mara tatu.

Jumapili, 22 Juni

Mimi sasa ni mtu mpya. Nimepita zahanati, nikamwambia Nesi Recho nimepona kabisa, nikaomba karatasi ya mgongo. Akanitoa nje.

Rafiki wa Mama Oliva, wa Msamala, ameagiza simba wanne kama hawa hawa, wanaotazamana. Ya kweli hiyo!

Remmy alikaa nami kwenye benchi, ameshika kipande cha chikanda, ile keki ya mizizi ya huku, nikampigia mama. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mama, niliyewahi kumwambia kifua kinanibana, akauliza kinaendeleaje, mwanangu. Nikasema kizuri, ila bosi amezuia pasi yangu ya kusafiri mpaka simba wa getini wakauke. Akauliza simba wanahitaji pasi? Nikasema simba wa serikali, mama. Akasema basi Zena atangoja. Remmy akajifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Sijui alicheka au alilia. Chikanda alinikatia nusu.

Amesema kesho tutapiga tena, na simu atashika yeye. Nimekubali. Chaja nimeificha.

Mama nimemwahidi Agosti, mwishoni, simba wakikauka tu. Fundi yeyote anajua saruji humwagiliwa siku saba. Leo ya kumi. Ngoja nikachote maji.