Hatua Kali Zitachukuliwa: Tovuti ya Mzee Ratili

Jumatatu, 4 Machi

Nimetukanwa. Si tusi la mama wala la baba, hayo ningeyajibu palepale. Nimetukanwa kwa swali. Meneja wa soko kaja karakana kwangu, kasimama mlangoni kama kuku anayeogopa kukanyaga grisi, kauliza: Mzee, tovuti yako ni ipi?

Nikamwambia nina kitovu kimoja tu, na hakimhusu.

Hakucheka. Meneja hawacheki, wanalipwa wasicheke. Kasema soko linataka fundi mmoja wa kudumu, wa kutunza mizani zote, kuanzia ya vitunguu mpaka ile kubwa ya magunia. Kamati inakaa Jumanne ijayo. Kila fundi ataangaliwa kwenye tovuti yake. Mimi! Ambaye meneja huyu alipokuwa kitoto alipimwa uzito kliniki, na mizani ya kliniki nani aliitengeneza? Mimi! Leo ananitaka nijitambulishe.

Najua ni nani kamtia maneno hayo. Ni Betri, kijana wa mizani za umeme, zile zinazowaka namba nyekundu na kulia kama kifaranga. Betri ana tovuti. Betri akiikosa kazi hii atauza vioo vya simu, hana neno. Mimi nikiikosa, mwanangu wa kwanza keshaniandalia kiti cha plastiki getini kwake, nikae nihesabu magari. Anasema nimechoka, nipumzike. Hata maiti anapumzika!

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tovuti ni kibaya kinachojitembeza bila miguu. Kesho naenda kuitafuta.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Huyu hutengeneza tovuti za watu akiwa mezani kwake, mguu wa kushoto unabembeleza mtoto. Mimi namwita mke mdogo. Yeye ananiita mume mkuukuu. Kafurahi kuniona, kisha kafungua mdomo na furaha ikaisha.

Kasema tovuti ya biashara ina viungo vyake. Nikasema kama mchuzi. Kasema hapana, kama mwili: kikikosekana kimoja, inachechemea. Mtu akiifungua, kabla hajapiga chafya ya pili, awe keshajua unafanya kazi gani. Maneno machache. Picha safi. Iseme uko wapi na unapatikanaje. Na ikae vizuri kwenye simu, maana watu wote wanasoma kwa simu. Nikamwambia mimi hata kwenye kiti sikai vizuri, sembuse kwenye simu.

Halafu kaniudhi. Kasema niache nafasi tupu, macho ya msomaji yapumzike. Ukurasa wangu, shamba langu, nusu nisilime? Wapumzike kwao!

Halafu kaniudhi zaidi. Nimemwonyesha kwenye simu picha yangu niliyopiga na mizani kubwa, nimevaa koti la harusi. Kasema picha ni nzito. Nzito! Ananiambia mimi habari za uzito! Nimerudi karakana, nimeiweka simu kwenye mizani ya dhahabu, ile inayosikia hata unywele. Nikaipima ikiwa na picha. Nikaifuta picha, nikaipima tena. Hakuna tofauti hata ya chembe! Nikampigia kumwambia. Kasema, babu, nakupenda sana. Hilo si jibu.

Na sasa picha sina. Nimeifuta.

Alhamisi, 7 Machi

Tovuti imezaliwa. Mke mdogo kanipa nywila, yaani neno la siri la kuingilia, nijaze maneno mwenyewe, maana yeye ana kazi za watu wanaolipa. Imeniuma, lakini nikaichukua.

Sehemu ya kwanza inaitwa Kuhusu Sisi. Niko peke yangu, sisi ni nani? Nikaandika tangu nilipozaliwa, nikaeleza darasa la tano lililonishinda na la sita nililolichungulia dirishani. Nikaeleza kwa nini wananiita Ratili: nilianza kazi watu bado wanapima kwa ratili, kilo ilinikuta nimeshaota ndevu. Nilipofika kwenye ugomvi wangu na shemeji, mke mdogo kakata yote kaacha mistari mitatu. Mke mkubwa naye, huyu wa ndani, kapita nyuma yangu, kasoma Kuhusu Sisi, kauliza hao sisi ni nani na nani, maana mke mdogo anatajwa sana siku hizi. Ana miaka sabini na bado ana wivu. Nimefarijika.

Kiungo cha mwisho ndicho kikuu. Mke mdogo anakiita mwito wa kuchukua hatua. Kasema mtu akishasoma, usimwache ananing'inia. Mwambie afanye nini. Kwa ufupi, kwa herufi kubwa, kwa rangi inayoonekana.

Hapo nikatabasamu. Watu wa soko nawajua. Hawachukui hatua, huchukuliwa. Nikaandika kwa rangi nyekundu:

MWENYE MIZANI YOYOTE AIFIKISHE KWA FUNDI RATILI KABLA YA MWISHO WA MWEZI. ASIYEFANYA HIVYO HATUA KALI ZITACHUKULIWA DHIDI YAKE.

Fupi. Kubwa. Nyekundu. Betri kwenye tovuti yake kaandika "Karibuni sana wateja wetu." Mtoto mdogo!

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Nimefungua mlango asubuhi nikakuta foleni imefika kwa kinyozi. Mizani za meza, za kuning'iniza, za mkono. Mwanamke mmoja kaleta ile ya bafuni ya kupimia unene, anaapa hakujua kama nayo imo. Muuza vitunguu kakaa kwenye gunia lake akiilaani serikali kwamba ikikosa la kufanya inawatafuta maskini. Nikaitikia, nikasema serikali ina mambo.

Sikusema mimi ni serikali. Wala sikusema siyo mimi. Mtu hujibu alichoulizwa.

Mama yake Betri naye alikuwa kwenye foleni! Kajifunika uso kwa khanga, lakini nimemjua kwa mwendo.

Jioni mke mdogo kapiga simu, anafoka. Kasema nimetangaza vita, sikutangaza biashara. Nikamuuliza mwito umeitikiwa au haukuitikiwa? Kasema watu wamekuja kwa hofu, na mteja wa hofu harudi. Kinachokosekana kwenye tovuti yangu ni imani. Niweke maoni ya wateja, wale waliofurahia kazi yangu, kwa maneno yao wenyewe. Kamati itayasoma hayo kwanza. Kisha kaongeza: ya kweli, babu, usitunge.

Lini nimetunga? Sijawahi kutunga kitu. Nimeudhika mpaka chai imepoa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima nimeandika maoni ya wateja. Yote ya kweli, neno kwa neno, kama walivyoniambia hapa kwenye benchi hili. Nayanakili, yanapendeza.

Muuza nyama wa kona anasema: "Mizani yangu ilikuwa na roho ngumu. Tangu Mzee Ratili ailainishe, kilo inafika mapema kabla nyama haijatosha. Mungu ampe umri."

Muuza sukari, mweka hazina wa kamati ya soko, anasema: "Mzee Ratili alinitengenezea mizani mbili, ya kununulia na ya kuuzia. Hazifanani hata kidogo. Fundi wa kweli!"

Muuza misumari anasema: "Nilimwomba alegeze springi kidogo tu. Kalegeza kwa adabu, hakuna aliyejua."

Nimeweka na ramani, ionyeshe njia mpaka mlangoni. Sasa kamati isome! Mweka hazina akijiona humo atavimba kwa furaha.

Jumapili, 10 Machi

Kavimba. Si kwa furaha.

Dunia haina shukrani! Nimewasifu bure, nimewatangaza bila malipo, leo wananitafuta kama mwizi wa taulo. Muuza nyama kaja na kisu. Kasema alikuwa kazini tu ndiyo maana anacho, lakini jinsi alivyokishika si ya kazini. Watu wamemzunguka dukani tangu alfajiri wanadai nyama yao ya miaka. Nikamuuliza, je, ulisema au hukusema? Kasema alisema, lakini alininong'oneza. Sasa tovuti itajuaje nani alinong'ona?

Muuza sukari katuma ujumbe wa neno moja. Siliandiki, shajara yangu ina heshima zake.

Muuza vitunguu naye kaja, huyu kanishangaza. Kanuna, anauliza kwa nini mizani yake sikuilainisha kama ya wenzake, yeye ni mtoto wa kambo? Nikamwambia hukuniomba, mama. Kaondoka anasema siku zote wanaume wanapendeleana.

Lakini pigo kubwa liko nyumbani. Nilisahau jambo moja dogo: mke wangu hununua nyama kwa yule wa kona. Amesomewa yale maoni na jirani. Hakupiga kelele. Kaniita mezani, kanipakulia. Wali wa kutosha. Kipande kimoja cha nyama, cha ukubwa wa kifungo cha shati. Nikauliza vingine viko wapi. Kasema hiyo ni kilo, nikitaka nikaipime.

Jumatatu, 11 Machi

Ramani imefanya kazi. Imemleta mkaguzi wa vipimo.

Mtu mrefu, miwani, sanduku la mawe ya shaba ya kukagulia mizani. Kasema ofisi yake imepigiwa simu na watu wengi wakiuliza hizo hatua kali zinaanza lini, nao hawana habari za hatua yoyote. Kafungua tovuti, kafuata mshale wa ramani, kafika hata hakuuliza njia. Nimempongeza mke mdogo kimoyomoyo.

Kaniuliza mimi ni nani hata nichukulie watu hatua. Nikamweleza ni kiungo cha tovuti, kila biashara inacho. Kaniangalia kama mizani isiyorudi sifuri.

Kisha kaagiza mizani ya muuza nyama iletwe. Kaweka jiwe lake, kaondoa, kaweka tena. Kafungua mgongo, kamulika kwa tochi. Kavua miwani, kaifuta, kairudisha. Kasema, na hapa nanukuu, kwamba tangu aanze kazi hii hajapata kuona upunjaji uliofanywa kwa ustadi kiasi hiki, kwamba hata yeye bila mawe yake asingegundua.

Nilimshukuru. Akanijibu kwa kufunga mlango wa karakana kwa kufuli na lakiri nyekundu, ule muhuri wa nta, na mizani zote za foleni zikiwa ndani. Wenyewe nje wakipiga kelele! Niseme nini? Niliwaambia hatua kali zitachukuliwa. Hawakuniamini.

Jumanne, 12 Machi

Kamati imekaa. Nimekwenda na koti la harusi. Nimezuiwa mlangoni, nikasikilizia dirishani kama darasa la sita.

Mke mdogo alikuja kuniombea, mtoto mgongoni. Kawaambia babu yake ni mtundu lakini ni fundi kuliko wote, mizani aliyoweza kuipotosha hivyo anaweza pia kuinyoosha. Sikujua kama anaijali kazi yangu hivyo. Nikapiga makofi dirishani, nikafukuzwa.

Mweka hazina, huyo mwenye mizani mbili, kasimama kusema soko linahitaji mtu mwadilifu! Hakuna aliyecheka. Kazi kapewa Betri. Mizani zetu zote zitaondolewa, waletewe za vifaranga.

Betri kanifuata nje. Nilijua kaja kunicheka. Kasema, mzee, shikamoo, mama anaomba mizani yake iliyofungiwa ndani. Hata kunicheka hajui!

Mwanangu wa kwanza kapiga simu. Kasema kiti kipo kivulini.

Jumatano, 13 Machi

Nimekaa kwenye kiti. Magari yanaingia, magari yanatoka. Mwanangu kanipa blanketi la miguuni. Kama mgonjwa!

Nimefikiri tangu asubuhi tumekosea wapi. Mke mdogo kasema nimekosea kila mahali, kaniomba nimwahidi sitaigusa tena ile tovuti mpaka yeye atakapopata nafasi ya kuifuta. Nimemwahidi. Lakini nywila hajabadilisha, na mtu akikuachia mlango wazi, kakukaribisha.

Kosa nimelipata. Ni maoni ya wateja. Si kwamba yalikuwa mabaya. Yalikuwa ya watu wadogo! Muuza nyama, muuza misumari, nani anawaamini hao? Tovuti inataka shahidi mwenye cheo.

Nimeyaweka ya mkaguzi. Juu kabisa, ukurasa wa mwanzo, kabla hujapiga chafya hata moja: "Tangu nianze kazi hii sijapata kuona ustadi kiasi hiki." Neno upunjaji nimeliondoa, maana mke mdogo alisema maneno yawe machache. Nimeacha na nafasi tupu kuyazunguka maoni hayo, macho yapumzike. Nani kasema mzee hafundishiki? Chini nimeweka jina lake kamili, ofisi yake, na picha niliyompiga akibandika lakiri, uso umekunjamana, anaonekana mtu makini. Na mwito mpya, wa upole kabisa: Mwenye shaka ampigie mkaguzi mwenyewe.

Hata saa haijapita, simu inalia. Nimetazama kioo: ofisi ya vipimo.

Mteja wa kwanza! Tena serikali nzima!