Chai ya Rangi ya Shoga Yangu Salma

Leo nimemnywesha baba wa watu chai ya misumari. Ndiyo, misumari. Ya chuma. Msicheke kwanza, nisikizeni.

Kazi yangu mwaijua: mbaazi na mahamri pale Tudor kila asubuhi, na chai yangu watu huifuata kutoka Marikiti. (Shule niliachia kidato cha pili. Chai ndiyo digrii yangu.) Shoga yangu Salma yeye ni mchoraji, akaa ghorofani huko Kibokoni. Hachori ng'ombe wala mnazi. Ni rangi na mistari tu. Avuta pumzi, ashusha brashi, na haiinui mpaka pumzi imwishie. Siku moja nikamuuliza, "Huu ni nini?" Akasema, "Ni mstari wajiendea zake." Nikatikisa kichwa kama nimeelewa.

Babake, Mzee Athman, ni fundi seremala mstaafu. Mtu wa rula. Miaka mitano amekataa kupanda ngazi kuziona picha hizo, aziita mikwaruzo ya kuku. Leo asubuhi akapiga simu: anakuja! Salma kidogo azimie.

"Shoga, njoo unisaidie. Akishuka leo bila neno jema, basi tena, hapandi hapa maisha."

Nikaenda mbio. Mzee akaingia, kanzu nyeupe pee. Wao sebuleni, mie jikoni. Nikaona birika limejaa kitu cheusi. Nikapaza sauti:

"Salma! Hii ya kwenye birika ni nini?"

"Ya rangi!"

Haya, wenzangu. Kitu kimo ndani ya birika, mwenyewe asema ni ya rangi. Nyinyi mngeelewa nini? Nikatia sukari, tangawizi, iliki, nikachemsha. Ikanukia siki kidogo, nikasema labda ni ndimu. Kuonja sikuonja, leo Alhamisi nimefunga sunna. (Thawabu zenyewe sijui kama zimebaki.) Chujio sikuliona, nikamimina vivyo hivyo.

Nikatoka na sinia kwa madaha. Mzee amesimama mbele ya picha kubwa, mikono nyuma. Salma hapumui. Mzee akapokea kikombe, akasema, "Salma mwanangu, mstari huu..." Akapiga funda.

Fyuuu! Kanzu yote madoa meusi.

Kikombe kikalia kling'. Akatia vidole kikombeni, akatoa kitu, akakipima kwa jicho moja.

"Msumari. Wa inchi moja. Tena una kutu!"

Salma akapiga ukelele: "Rangi yangu!"

"Babako yuafa, wewe walilia rangi?" nikamwambia.

Kumbe rangi yake nyeusi aipika mwenyewe: majani ya chai, siki na misumari iliyoshika kutu! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikabaki na sinia mkononi, na mdomo wangu huu usio na breki ukauliza, "Mzee, nikuongeze?"

Hata hakunisikia. Ameukodolea macho ule msumari, kisha picha, kisha msumari.

"Salma, weusi huu watoka hapa?"

"Ndiyo, baba."

"Lo! Hata mvule ukipigwa msumari ukanyeshewa, hulia machozi meusi haya haya. Miaka arobaini nayasugua yatoke, kumbe wewe wayatafuta!"

Akaangua kicheko. Ulimi mweusi, meno meusi, kama aliyetafuna kalamu. Akavuta kiti, akaanza kumfundisha bintiye msumari gani washika kutu upesi. Adhana ya adhuhuri ikamkuta papo hapo. Alipokuwa ashuka ngazi, na kanzu yake ya madoa, akageuka: "Kesho nitakuletea magome ya mkoko. Jaribu na hayo."

Mlango ulipofungwa Salma akanishika mabega. Nikafumba macho, nikajua sasa natukanwa.

"Shoga, mie nilitaka babangu aione rangi yangu tu. Wewe ukaona haitoshi, ukamnywesha."