Tovuti ya Kihaya na Shangazi Asiyesalimia Simu

Jumatatu, 11 Novemba

Leo nimeanza kazi ya kihistoria. Kitendaguro nzima, mtaa wetu hapa Bukoba, haijui bado, ila itajua.

Habari yenyewe ni hii. Renatha, binti wa kaka yangu Joackim, kakulia Dodoma na Kihaya hana hata cha kuombea maji. Jumamosi anapelekwa Muleba kutambulishwa kwa Ma Verdiana, bibi wa mchumba wake. Bibi ametuma neno: binti atakayemsalimia kwa Kiswahili mlangoni pake arudi alikotoka. Mchumba kalelewa na huyo bibi, hawezi kwenda kinyume naye. Renatha analia kwenye simu.

Kwenye kikao cha familia kaka kasema atakayemfundisha binti ndiye atakuwa msemaji wa familia siku hiyo. Ta Avit wa Nyanga, mzee wa ukoo na mwalimu mstaafu, akawahi kusema aletwe akae kibanjani, kwenye migomba, na wanawake, amenye ndizi nao, lugha itaingia yenyewe. Ujima huo! Na ruhusa kazini hana hadi Ijumaa. Mimi nikasema nitajenga tovuti ya kufundisha Kihaya, asome hukohuko Dodoma. Avit akauliza kama nimewahi kujenga tovuti. Nikamjibu kwamba hata Nuhu alikuwa hajawahi kujenga safina.

Jumanne, 12 Novemba

Tovuti imesimama. Imeegemea upande, lakini imesimama.

Nimetumia kiolezo cha bure kilichotengenezewa hoteli. Kitufe cha "Weka nafasi ya chumba" kimekataa kutoka. Nimekiacha. Mwanafunzi asikibonyeze tu.

Ukurasa wa kwanza, picha yangu ya mahafali. Wa pili, wasifu wangu. Wa tatu, umuhimu wa lugha za asili, kwa Kiingereza, ili wajue tumesoma. Felicitas, mke wangu, kauliza Kihaya kiko ukurasa gani. Mwanamke huyu hajui mambo ya mpangilio. Nchi nzima inatuita nshomile, wasomi wa kujisikia. Sasa msomi aanze na nini, na ndizi?

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya kurekodi sauti. Ya kwangu Felicitas kaikataa, eti natamka Kihaya kama nasoma taarifa ya habari. Nikaenda Nshambya kwa Shangazi Immakulata, ambaye hana jino la mbele lakini Kihaya chake hakina doa.

Nikaweka simu mbele yake, nikamwomba aisalimie kama binti anavyomsalimia bibi kizee. Akaitazama. Akauliza ina umri gani. Nikasema kwa adabu, waitu Shangazi, hii ni simu tu. Akasema basi ni ndogo kwake, ianze yenyewe, tena ipige magoti. Kwetu mdogo ndiye anayeanza na mkubwa anaitika. Yeye hajawahi kumtangulia mtoto kwa salamu, na hataanza uzeeni kwa ajili ya kitu kinachochajiwa.

Nikabembeleza. Nikatoa sukari. Sukari akaipokea, msimamo akabaki nao. Mwishowe tukaafikiana: nimsalimie mimi, yeye aitike. Nikapiga magoti kwenye tope na suruali yangu ya kitambaa. Akaitika vizuri ajabu. Kisha akaniuliza mimi ni wa nani (ananijua tangu nazaliwa), nani alinilea, mbona nimekonda, akamalizia kwa kuniambia nikae vizuri. Yote yameingia.

Sauti yangu nimeikata, ilikuwa inatetemeka. Imebaki yake peke yake, safi kabisa. Somo la Kwanza limekamilika.

Alhamisi, 14 Novemba

Renatha amelikariri somo lote kwa siku moja! Kanitumia sauti yake. Ni Shangazi mtupu, hadi kikohozi.

Avit kapita kwangu, akasikiliza, akakuna kidevu. Akasema huyu binti anaitika, hasalimii. Akipelekwa hivyo atamwita bibi wa watu mwanangu. Wivu huo. Nimemweleza kwamba ufundishaji wa kisasa una hatua zake na yeye amestaafu. Felicitas kasema Avit ana hoja. Nimewanunia wote wawili.

Ijumaa, 15 Novemba

Renatha kafika. Mwembamba, mpole, ana hofu ya kweli. Kaniuliza kama nina hakika na lile somo. Nimemwambia baba yako mdogo hajawahi kukosea. Katulia kidogo.

Avit kaja akiomba akae na binti nusu saa tu. Nimemzuia mlangoni. Mwanafunzi hachanganywi kwa mitaala miwili.

Jumamosi, 16 Novemba

Muleba. Ma Verdiana kaketi mlangoni juu ya mkeka, fimbo mapajani, ukoo mzima nyuma yake. Renatha akapiga magoti. Akafungua kinywa, akasema kwa Kihaya kilichonyooka: nimeitika, mwanangu. Wewe ni wa nani? Nani alikulea? Mbona umekonda? Hebu kaa vizuri.

Nikaingia nyuma ya mgomba.

Kaka kafumba macho. Mchumba kageuka rangi ya majivu. Renatha, maskini, anatabasamu, anasubiri maksi.

Bibi akamtazama sana. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua kwisha habari yetu. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka. Akasema tangu amzike mama yake hakuna aliyemwita mwanangu, wala wa kumwambia amekonda. Wakubwa zake wote wamekwisha. Akaweka fimbo chini, akajivuta hadi ukingoni mwa mkeka, akainamisha kichwa, akamsalimia Renatha kama msichana anavyomsalimia mama yake. Renatha akaitika, vizuri kabisa, maana hilo ndilo analolijua. Bibi akasalimia tena. Binti akaitika tena. Wanawake wakaanza kujifuta kwa kanga. Mimi moshi wa jikoni uliniingia machoni.

Bibi akamshika mkono wakaingia ndani, sisi tukabaki juani. Nilipotoka mgombani kushika nafasi yangu ya msemaji, Avit alikuwa ameshaanza kusema. Alisema vizuri. Imeniuma sana.

Jumapili, 17 Novemba

Ushindi. Tovuti yangu imefaulu mbele ya koo mbili, na hakuna awezaye kulipinga hilo, ingawa Felicitas anajaribu. Anasema ni Shangazi, na ni Mungu. Nimemwambia sikumwona yeyote kati yao kwenye kompyuta.

Renatha kapiga kutoka Muleba, anaomba masomo zaidi ya Shangazi. Mapenzi hayo yamempofusha. Asubuhi nimeifuta sauti ya Shangazi, haina viwango, nikaweka ya kwangu.

Baada ya misa kikao kingine kwa kaka. Klaudia, mdogo wake Renatha, kachumbiwa Tarime, na babu wa huko naye hataki kusikia Kiswahili. Avit akaanza kusema kuna mama mmoja Mkurya hapa Bukoba, mtu mwema, binti akakae naye. Nikasimama kabla hajamaliza.

Kikurya sikijui. Klaudia nimemwambia Somo la Kwanza litakuwa tayari Jumatano.