Baiskeli ya Baba Juu ya Paa

Jumanne, 4 Machi

Dada kapiga simu asubuhi, mimi nina povu la sabuni kidevuni. Mama anapasuliwa jicho Jumatatu. Ni lile la kulia, maana la kushoto lilishafunga duka zamani. Daktari kasema huenda akaona kama msichana, huenda asione tena kabisa. Mama hakulia. Kasema anataka kitu kimoja tu kabla ya Jumatatu: aione baiskeli ya baba.

Baiskeli ninayo mimi. Inaning'inia ukutani katika karakana yangu ya vioo tangu tumzike mzee. Nyeusi, chuma kitupu, keria pana nyuma. Baba alipeleka barua kwa baiskeli hiyo miaka thelathini na mmoja. Jioni, mfuko wa barua ukishakuwa mtupu, mimi napandishwa mbele kwenye chuma, mama nyuma kwenye keria, kakaa upande, dada mgongoni mwake. Watu wanne! Nilikuwa nasikia pumzi ya baba utosini. Mlimani inakuwa ya moto zaidi. Sijawahi kukaa mahali salama kuliko pale.

Nimemwambia dada naileta Jumapili. Akasema mumewe ataifuata na pikapu. Nikasema hapana, ni baba yangu, si baba wa shemeji. Akasema ni baba yake pia. Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata.

Jumatano, 5 Machi

Watu wasinielewe vibaya. Shemeji ni mtu mwema. Hilo ndilo tatizo lake. Pikapu yake ilibeba kitanda changu cha harusi. Ilimbeba baba siku ya mwisho. Mama akihitaji kuni, maji, godoro, ni pikapu ya shemeji. Mimi mtoto wa kiume wa pekee sijawahi kumbebea mama hata kigoda.

Nina gari, tena gari la spoti! Jekundu, milango miwili, viti viwili. Nililinunua kwa mtu mwaka jana. Buti linaingia jozi moja ya viatu, na mke wangu analiita kiatu cha tatu. Baiskeli haiingii humo hata uiombee dua.

Lakini leo, kazini, nimenyanyua kioo cha dirisha la duka kwa vile vikombe vyetu vya mpira. Unavilowesha, unabandika, unabana kishikio, vinanyonya kioo mpaka basi. Nikasimama katikati ya karakana na kioo mkononi. Mwenyewe nikacheka. Vikombe vitatu vinabeba kilo arobaini! Kwa nini visishike paa la gari? Miaka ishirini na sita nabeba vioo vya watu na hakijaanguka hata kimoja. (Kile cha saluni kiliteleza. Kuteleza si kuanguka.)

Alhamisi, 6 Machi

Mchomeleaji jirani kanitengenezea fremu. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni siri ya kiufundi. Akaongeza nondo moja bila kuombwa, kasema anamwonea huruma yeyote atakayekuwa chini yake.

Jioni nimefunga vikombe sita kwenye fremu, nikavilowesha, nikavibandika juu ya paa. Nikavuta. Gari zima likatikisika! Nikaning'inia kwa mikono miwili, miguu juu. Vikombe kimya. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akauliza kwa nini nisiwaachie tu wenye pikapu. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akautazama upara wangu, akarudi ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja karakana. Eti alikuwa anapita tu. Hakuna anayepita huku, njia inaishia kwangu.

Kalizunguka gari, mikono nyuma. Akagonga paa kwa kidole. Mbele likalia ngo ngo. Katikati likalia bu. Akasema kwa upole kwamba hapa pana puti, ile ya kuzibia bati lililotoboka, tena nyingi, gari hili lazima liliwahi kupinduka. Nikamcheka. Puti! Mimi niliyekandika puti kwenye madirisha ya mji mzima! Mimi nisiijue puti? Nikamwambia wivu haujengi. Akasema sawa shemeji, ila Jumapili pikapu ipo. Mtu akikutukana unamjibu. Huyu utamjibu nini?

Kwa hasira nimelisugua paa mara mbili hadi linang'aa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeiteremsha baiskeli na kuiosha. Nimepaka mnyororo mafuta. Kengele bado inalia. Ilipolia nilikaa chini. Sauti ile ndiyo iliyokuwa inatuambia tuache ugomvi, baba kafika kona. Dada anakimbilia mfuko wa barua, mimi nakimbilia kofia. Baba anasimamisha baiskeli bila haraka, anamwuliza mama kama kuna barua yake. Kila siku mzaha ule ule. Kila siku mama anacheka.

Mke wangu kanikuta nimekaa kwenye baiskeli katikati ya karakana, mikono kwenye usukani, siendi popote. Nikamwambia napima upepo wa matairi. Akasema matairi yote hayana upepo. Halafu akaniwekea mkono begani, akaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Niandike yote, nisije nikakana baadaye.

Asubuhi nimeipandisha baiskeli, nimeifunga kwenye fremu. Mke wangu kakataa kupanda. Kasema atakwenda kwa basi, anazipenda mbavu zake. Nikaondoka peke yangu. Mtaa mzima nje! Watu wanapunga mikono. Nimekwenda taratibu, vioo vimeshushwa. Na kila gari lilipotikisika, kengele ikalia yenyewe juu ya kichwa changu. Nilisahau umri. Nikasema kwa sauti, baba, kaa vizuri, tunakwenda kwa mama.

Tuta la kwanza tulipita. La pili pia. La tatu likasema kraa!

Nikatazama kioo cha nyuma. Baiskeli ilikuwa imesimama barabarani kwa magurudumu yake, fremu na vyote. Ikasimama kidogo hivi, kisha ikalala. Nikatazama juu. Nikaona mawingu.

Vikombe havikuachia! Hilo liandikwe. Vyote sita vilikuwa bado vimeng'ang'ania, kila kimoja na kipande chake cha puti nyekundu, nene kama mkate. Paa ndilo lililoachia. Gurudumu la mbele la baba likawa limepinda. Nilikaa kando ya barabara nikalia. Si kwa sababu ya gari. Mama ana jicho moja na siku moja, na mimi nimemvunjia kitu pekee alichoomba.

Dakika mbili hazikupita, pikapu hiyo. Dada alimtuma shemeji anifuate kwa mbali tangu nyumbani kwangu. Na pembeni yake, kiti cha mbele, kapu mapajani, mke wangu! Basi gani lile? Shemeji kasema pole tu. Hakusema nilikwambia. Afadhali angesema. Tukaipakia baiskeli, wote watatu.

Mama alikuwa uani kwenye kiti. Nikaanza kueleza habari za gurudumu, nikashindwa. Akasogeza uso hadi karibu kabisa, akalitazama lile gurudumu lililopinda. Akaanza kucheka. Alicheka hadi dada akaleta maji.

Kumbe siku ya harusi yao, kaka yake baba alitaka kumchukua bibi harusi kwa lori. Baba akakataa. Mke ni wangu, namchukua mwenyewe! Akampakia kwenye keria, na kwenye kona wakaingia mtaroni. Gurudumu likapinda hivi hivi. Wakafika kwa miguu, baba kabeba baiskeli kichwani, mama kabeba viatu. Baba alimwapisha asitusimulie, naye kanyamaza miaka hamsini na tisa. Kasema baba alikuwa na kichwa kigumu kama mimi. Nimelipokea kama sifa.

Akataka kupanda. Shemeji akanyanyua upande wa mbele, gurudumu lililopinda lisiguse chini, mke wangu na dada wakashika ubavuni, mimi nikakaa kwenye kiti cha baiskeli. Mama nyuma, kakaa upande, mikono kiunoni kwangu. Mikono imekuwa midogo sana. Tukazunguka ua mara moja, polepole, shemeji anahema. Nikageuka nikaona mama kafumba lile jicho lililobaki. Nikamwambia afumbue, aitazame, muda ndio huu. Akasema ameshaiona, sasa ninyamaze niendeshe.

Jumatano, 12 Machi

Bandeji imetoka. Mama anaona! Anaona hadi vifungo vya shati la daktari, kamwambia kimoja kimekatika. Tumelia wote, shemeji kuliko wote. Nimemkumbatia. Nimemwambia yeye ni ndugu yangu, na nilikuwa namaanisha.

Mama kaenda dirishani, kaona gari langu kule chini, kauliza ni nani aliyelitafuna. Kisha kasema kwa kuwa macho yamerudi, anataka lile kabati lake kubwa la nguo lililobaki kwangu, lenye kioo mlangoni. Anataka ajitazame. Shemeji kasema Jumamosi pikapu ipo.

Nimekaa na penseli tangu jioni. Kosa halikuwa vikombe. Kosa lilikuwa puti. Sasa kabati lina kioo, na mbele ya gari kuna kioo. Hapana puti hapo, pande zote mbili. Kioo kwa kioo, vikombe katikati, na mimi ni fundi vioo! Nimempigia shemeji simu nikamwambia asijisumbue.

Mke wangu kauliza nitaonaje mbele. Nimemwambia njia naijua.